Unyenyekevu wa Nani?

Mimi neno "unyenyekevu" limenichosha. Nalisikia kwa mhubiri wa kipaza sauti, nalisikia kwa mheshimiwa anayezindua choo cha shule, nalisikia kwa hawa wasemaji wanaojaza kumbi kuwafundisha vijana jinsi ya kutajirika kabla ya miaka thelathini. Karibu kila anayelitamka ana gari. Sijapata kumsikia konda wa daladala akiwahubiria abiria unyenyekevu, wala dada wa kazi akimwambia mama mwenye nyumba, "Mama, jishushe kidogo, utafika mbali." Neno hili lina mteremko wake. Linatoka juu kuja chini kama maji ya mvua yanavyoteremka kwenda Jangwani, na sisi wa bondeni ndio tunaolala nalo.

Naandika haya nikiwa mpishi. Si mpishi wa hoteli wala wa sherehe. Ni mpishi wa nyumbani, wa familia moja huko Masaki, na huu ni mwaka wa sita tangu nianze kuwapikia watu majumbani mwao. Naamka saa kumi alfajiri Mbagala, nabadilisha daladala, saa moja kasoro chai iko mezani. Kalamu nashika usiku. Wengi mnanijua kwa hadithi mbili tatu zilizotoka hapa. Ya jikoni hamkuyajua, mpaka mwenzetu mmoja aliposema mbele za watu, kwenye mkutano wa kikundi chetu, kwamba mtu anayewapikia matajiri na kuitikia "ndiyo bosi" kutwa nzima hawezi kuandika neno huru. Mtumwa wa jikoni, alisema. Baadhi yenu mkacheka. Siku ile sikujibu, nilikuwa nawahi chakula cha jioni cha watu. Najibu leo.

Tena nianze na hilo neno lenyewe. Mtumwa, mtumishi, mtume: yote matatu yametoka tumbo moja, kitenzi "kutuma". Lugha haikuona aibu kuwaweka nyumba moja anayetumwa na mnunuzi wake, anayetumwa kwa mshahara, na anayetumwa na Mungu. Kwa hiyo ukinitupia neno hilo angalia vizuri lisije likakugeukia likiwa na maana nyingine.

Huyu mwenzetu na yule msemaji wa ukumbini, ukiwatazama haraka, ni maadui. Mmoja anasema: piga magoti, utainuliwa. Mwingine anasema: kupiga magoti ni aibu, inuka. Lakini hebu watazameni vizuri, washkaji. Wote wawili wameshakubaliana kimya kimya kwamba kumpikia mtu ni kumpigia magoti. Hapo ndipo ninapogoma. Jikoni nimefundishwa adabu, na unyenyekevu pia, sikatai. Ila si vile wanavyovidhani wao. Na nilichokiona kikubwa kuliko vyote ni kwamba utovu wa adabu katika majumba yetu haya hautoki jikoni kwenda mezani. Unatoka mezani kwenda jikoni.

Mama yangu alikuwa mama ntilie, karibu na gereji za Gerezani. Wali maharage, ugali dagaa, mwisho wa mwezi nyama. Jina hilo mnalitamka kila siku, lakini mmewahi kulisikiliza? "Mama, nitilie." Ni sauti ya mteja. Ni fundi magari mwenye mikono ya grisi, ana njaa, kashika sahani, anaomba: mama nitilie wali, nitilie na mchuzi kidogo hapo juu. Yaani biashara nzima imepewa jina la ombi la anayekula! Baadaye watu wa maofisini wakaona jina halina heshima, wakaleta "mama lishe", jina safi, linanukia semina. Mteja kaondoka, ombi limeondoka, limebaki jukumu la mama la kulisha tu. Mie nabaki na lile la zamani.

Pale kwa mama, fundi aliyeleta jeuri aliambiwa angoje, na alingoja kweli. Aliyesema "Shikamoo mama, pole na moshi" alipata ukoko wa bure. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi na wala hakumbembeleza mtu. Lakini alijua nani ana vidonda vya tumbo asiwekewe pilipili, nani hali dagaa, nani wiki hii hakupata kazi akopeshwe bila kuulizwa mbele za watu. Hilo la mwisho msilipite haraka. Asiye na kitu alipewa sahani sawasawa na mwenye nazo, akala, akaenda zake, na daftari likaandikwa akishaondoka. Nikiulizwa adabu ni nini naanzia hapo, sio kwenye kuinamisha kichwa.

Halafu nikaja ushuani. Nyumba niliyoanzia, ambayo si hii ya sasa, nilipewa kanuni tatu kabla sijaonyeshwa jiko: nisiingie sebuleni bila kuitwa, nisinywee vikombe vya wenyewe, nisiseme mpaka nisemeshwe. Kuhusu chakula hakuna aliyeniuliza kitu. Nikauliza mwenyewe: kuna mwenye presha hapa? Kuna mtoto ambaye karanga zinamdhuru? Mama mwenye nyumba akanitazama kama mtu aliyeulizwa ana shilingi ngapi benki. Kumbe baba alikuwa na presha, daktari keshamkataza chumvi, na mpishi aliyenitangulia alikuwa akimtilia kila mchuzi vile vidonge vya ladha ambavyo ni chumvi tupu. Hakuna aliyemwambia. Naye hakuuliza, kwa kuwa alishafundishwa asiseme mpaka asemeshwe. Mnaona? Unyenyekevu waliouagiza wao wenyewe ulikuwa unamuua mtu wao taratibu, mara tatu kwa siku, kwenye sahani za kigae.

Ndiyo maana nasema woga na unyenyekevu ni vitu viwili, na wanaopenda kuvichanganya ni wale wanaofaidi woga. Mpishi mwoga anapika anachodhani hakitamletea maneno. Mpishi mnyenyekevu anauliza, tena anauliza hata akitazamwa vibaya, kwa sababu amekubali jambo moja gumu: ulimi wa anayekula si ulimi wake yeye. Mimi napenda ndimu kali. Mzee yule alikuwa hapendi. Bila chumvi na bila ndimu utampikia nini mtu akubali? Nilihangaika na tangawizi, na kitunguu saumu, na bizari nzima niliyoikaanga kavu kwanza ndipo nikaitwanga, na kotimiri ya kumwagia mwishoni. Wiki ya tatu akaomba kuongezewa. Hakuna aliyenipigisha magoti hapo. Nilikuwa nimesimama wima kabisa, nimeshika mwiko.

Chukua tui. Unakuna nazi, unakamua la kwanza, zito, unaliweka pembeni. Unatia maji, unakamua la pili, jepesi. Kisamvu kinachemka na lile jepesi. Zito linaingia mwishoni, moto umeshapunguzwa, unakoroga bila kuondoka hapo, maana ukilichemsha kwa fujo linakatika, mafuta yanaelea upande wake na maji upande wake. Tui halijui kama una digrii. Halijui kama umechelewa. (Kuna waandishi kwenye kurasa hizi humwaga tui zito lote aya ya kwanza, wakachochea kuni mpaka juu, kisha wanashangaa kwa nini aya ya nne ni maji matupu. Siwataji, wanajijua.)

Na kuna sahani zinazorudi. Hili nataka nilisemee zaidi, maana ndilo lililonifunza kuandika kuliko semina yoyote. Mpishi wa nyumbani haketi mezani, hamwoni mtu akitafuna. Anachokiona ni sahani zikirudi jikoni. Mfupa uliong'wenywa mpaka ukawa mweupe ni barua. Changu aliyedonolewa mgongoni tu akaachwa, ni barua pia. Mchicha uliosukumwa ukingoni na mtoto, ukafunikwa na ganda la chungwa ili mama asiuone, hiyo ni barua ndefu. Sahani hazisifu kinafiki kama tunavyosifiana sisi, "kazi nzuri kaka, kaza buti". Nami siwezi kutoka na aproni yangu nikaenda kumweleza mtoto wa miaka sita kwamba mchicha ule ulikuwa na maana ya ndani ambayo yeye hajaifikia. Kesho yake naukatakata mdogo zaidi, natia tui, nangoja sahani.

Sasa nyie. Nimewaona wangapi wakipanda jukwaani kueleza shairi kwa dakika kumi, na shairi lenyewe ni la dakika mbili? Mhariri akirudisha mswada, ana wivu. Msomaji akisinzia, hajasoma. Asiyenunua gazeti letu, "jamii yetu haithamini fasihi". Kila sahani inayorudi imejaa, kosa ni la mlaji! Jeuri hii haitoki Masaki, bwana. Inatoka Sinza, Temeke, Mwananyamala, kwa vijana wasio na nauli ya kurudi nyumbani. Bosi wangu pamoja na fedha zake akila chakula kibaya anasema kibaya, na mimi nasikia. Mshairi wetu akiambiwa beti la tatu linachechemea anakasirika mwezi mzima.

Na hilo la uhuru? Eti mimi siko huru kwa kuwa naitikia "ndiyo bosi". Haya, tuhesabiane. Bosi ananiagiza kuku wa kupaka. Hadithi hajapata kuniagiza hata siku moja. Lakini wapo kati yetu wanaoandika tamthilia kuhusu vyandarua kwa kuwa mwaka huu mfadhili anataka vyandarua, na mwakani wataandika kuhusu mabadiliko ya tabia nchi kwa kuwa ndicho kinachoombewa fungu. Siwalaumu, njaa ni njaa. Ila mtu anayepika hadithi kwa kufuata oda asimwite mwenzake mtumwa wa jikoni. Angalau mimi jiko langu nalijua liko wapi.

Lakini msidhani nimekuja kumtetea bosi. Miaka hii nimewasikia wageni wakinizungumzia nikiwa nimesimama kati yao na sinia, kwa Kiingereza, kana kwamba mpishi akivaa aproni masikio yanaziba. Mmoja alimwuliza mwenyeji wake kama mimi ni mwaminifu au "naye anabeba". Nikamwongezea mchuzi. Alisema asante? Hakusema. Kiswahili chetu kina neno ambalo lugha nyingi hazina, neno la kumpa mtu anayefanya kazi hata kama kazi hiyo haikuhusu: "pole na kazi". Kijijini utaambiwa na mpita njia asiyekujua. Katika majumba ya geti jeusi neno hilo limekufa, na waliolizika si wazungu, ni sisi wenyewe tuliopata.

Yupo aliyelifufua, nikamshangaa. Mama mzazi wa bosi, bibi wa watu kutoka bara, alikuja kutibiwa macho. Asubuhi ya kwanza nikasikia mlangoni pa jiko: "Hodi!" Hodi ya jikoni, katika nyumba ya mwanawe mwenyewe. Nikadhani ni muuza samaki. Nikamkuta amevua kandambili, anangoja karibu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya mama yangu kwa jina la mama, sijui nani alimtajia, kisha akasema, "Pole na moto, baba. Hapa mwenyewe ni wewe, nikaone wapi?" Akaketi kunichambulia mchicha. Wiki tatu alizokaa, kila siku alibisha hodi. Mwanawe alipita pale akaona, akacheka, akasema mama ameleta ushamba. Ushamba! Yule bibi angeweza kuniamuru lolote na ningelitenda. Hakuwa na haja ya kujishusha, na hakujishusha. Alijua tu kwamba mahali pa kazi pana mwenyewe, na mwenyewe wa mahali ni anayepajua. Wale wasemaji wa ukumbini wakitaka mfano wa unyenyekevu wakamtafute yeye, lakini najua hawatamtafuta, hana gari.

Niwaambie na jambo jingine linaloniudhi. Mimi nikivaa koti jeupe naitwa shefu. Dada anayefua, anayelea, anayepika uji wa mtoto na chakula cha mbwa katika nyumba hiyo hiyo anaitwa "msichana", hata kama ana watoto watatu Singida. Wakati wa ukoloni Tanganyika watumishi wengi wa majumbani walikuwa wanaume, na mwanamume mwenye wajukuu aliitwa "boi". Janet Bujra ameandika kitabu kizima, *Serving Class*, kilichotoka mwaka 2000, juu ya namna kazi hiyo ilivyohama Tanzania kutoka kwa wanaume kwenda kwa wanawake. Boi akaondoka, akaja hausigeli. Na wanaomwita hausigeli leo, wengine ni wajukuu wa boi. Mkoloni kafunga virago, kengele yake ya mezani tumeing'ang'ania.

Hata karatasi za serikali zina ladha hiyo hiyo. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani kwa mwezi hivi: anayemtumikia mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, shilingi 150,000, anayemtumikia afisa mwenye stahili ya mtumishi, 130,000, wengine wasiolala kwa mwajiri, 80,000, na wanaolala humo humo, 40,000. Viwango vimepandishwa tangu hapo, nami sibishani na tarakimu, natazama mantiki. Hakuna mahali panapoulizwa unajua kupika nini, umeipika miaka mingapi, unalea watoto wangapi. Unapimwa kwa cheo cha unayempikia. Ugali wa nyumbani kwa balozi unazidi karibu mara nne ugali wa nyumbani kwa mwalimu, na unga ni ule ule. Mtasema anayelala ndani anakula na kulala bure. Sawa. Ndiye huyo huyo pia anayeamshwa saa saba usiku mjomba akifika na basi la Mwanza.

Mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189, na mojawapo ya yaliyomo ni kwamba mtumishi wa nyumbani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Saa 24 mfululizo! Chama cha wafanyakazi wa kazi hizi nacho kipo, CHODAWU. Muulize dada wa nyumbani kwenu kama amewahi kulisikia jina hilo. Kisha jiulize na wewe, mwanamapinduzi wangu, kama ungependa alisikie.

Maana nimefika kwenu majumbani, msisahau. Nimekula kwenu. Nimemwona mwenzetu mmoja aliyeandika shairi kali la wavuja jasho akipiga kelele kutoka sebuleni, "Wee, maji!" bila jina, bila "naomba", na maji yako hatua nne kutoka alipoketi. Yule binti akaleta akiwa ameinama. Shairi lilikuwa zuri, nalisema bila kejeli. Lakini nilishindwa kulisikia.

Na hili linaingia mpaka kwenye kazi zetu. Miswada ninayoisoma kikundini, dada wa kazi ana nafasi mbili tu: ama anaiba, ama baba mwenye nyumba anamtia mimba. Akishamaliza mojawapo anafukuzwa na hadithi inaendelea na watu wenyewe. Hana saa anayoamka. Hana kazi anayoijua kuliko wengine. Adam Shafi alipoandika *Kasri ya Mwinyi Fuad*, iliyotoka mwaka 1978, alimweka humo Kijakazi, mtumishi aliyeimaliza nguvu yake yote kwa bwana wake, na jina lenyewe linakuambia bwana alimchukulia kuwa nani. Kijakazi ana mwili pale, ana uzee, ana kazi za mikono unazoziona zikifanyika, na ndiyo maana utii wake unatisha. Mwandishi alikwenda jikoni kwanza. Sisi tunaandikia sebuleni, tumekunja nne, tunangoja tuletewe chai na mhusika wetu.

Kwa hiyo mkutano ujao napika mimi. Pilau, ya nyama, na kachumbari. Nimeshaongea na mtu wa sufuria. Nyama tutachanga, kila mmoja atoe alichonacho kwa mweka hazina pembeni, na jina la asiyenacho lisitajwe. Sitaieleza pilau yangu. Kila mtu atajipakulia na kila mtu ataosha sahani yake mwenyewe, washairi wakiwemo, na yule mwenzetu aliyeniita mtumwa nimemtengea zamu ya kukoleza moto, kwa hiyo afike mapema, saa tatu, na nguo za kuchafuka. Sufuria nitaosha mwenyewe. Ukoko wake una mwenyewe, na hamjui kuusugua.